Rangi Mbichi kwenye Pikipiki ya Marehemu

Watu husema chuki humzeesha mtu. Yangu imenitunza vizuri, na sioni sababu ya kuificha.

Mume wangu alikuwa akiwashauri wakulima wa chai wa upande wa Itumbe, na kazi hiyo aliifanya kwa pikipiki aliyoinunua mwenyewe. Kila mwaka mvua zilipopungua aliifungua injini, akatoa silinda na vifuniko vya pembeni, akavipaka rangi upya. Rangi hakuichagua kwa macho. Katika duka moja la Keroka aliomba tone la kila kopo, akapaka vipande vya bati, kisha akavitupa kwenye makaa yangu. Ile ya mageti iliumuka kama uji na kutoa moshi mkali. Ile nyeusi ya majiko ilitulia. Ndiyo aliyoinunua.

Kisha alikuja kunisumbua mimi. Nilikuwa na oveni ya debe, niliyojifunza kuitumia katika kikundi cha akina mama, makaa chini na makaa juu. Humo ndimo alimopika vyuma vyake: kwanza moto mdogo, vipoe, halafu moto zaidi, vipoe tena, mpaka ukucha usiweze kuikwaruza rangi. Baada ya hapo mikate yangu ilinuka duka la rangi. Niligombana naye kila mwaka. Laiti ningegombana naye tena.

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alivipaka lakini hakuwahi kuvipika. Kifua kilimshika ghafla, tukamzika. Matanga hayajaisha, ndugu yake mkubwa alisimama mbele ya ukoo akasema pikipiki ni yake, kwa kuwa mwanamke hapandi pikipiki. Wazee waliitikia. Mimi nilikuwa nimeketi chini, nimenyolewa nywele, wanangu wamelala mapajani. Bila pikipiki ile ya kubebea mikate yangu, nisingeweza kuiuza Keroka na Masimba, na bila mikate watoto wale wasingesoma. Aliisukuma akaondoka nayo. Vyuma vya injini vilibaki chini ya kitanda changu, juu ya gunia.

Alivifuata Ijumaa mchana. Alitaka kwenda kanisani siku ya Sabato akiwa juu ya pikipiki, na fundi wa Masimba alikuwa akimsubiri avifunge kabla jua halijatua na Sabato kuanza.

"Shemeji, rangi hiyo haijaiva," nilimwambia. "Lazima ipikwe kwanza."

Alipitisha kidole juu ya silinda. "Imekauka. Wewe mtu ya kuoka mkate, utanifundisha mambo ya injini?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikurudia. Nilimfungia vyuma vyake vizuri ndani ya gunia, hata kamba nikamtafutia.

Sabato nilifika kanisani mapema nikaketi karibu na mlango. Kanisa letu liko juu ya kilima kikali, na pikipiki ilikipanda ikilia. Alipotokea, moshi ulikuwa ukimfuata. Rangi ilikuwa imetoka malengelenge na kulainika, na suruali yake nyeupe ilikuwa imeshikwa na weusi kutoka goti hadi kifundo. Harufu iliingia mpaka mimbarini. Mhubiri alinyamaza, watu wakatoka nje. Mama mkwe wangu, ambaye kila Sabato aliomba kwa sauti dhidi ya mizimu, ndiye aliyesema, "Mwenyewe amekuja kuchukua kitu yake."

Uso wa shemeji ulibadilika. Mzee wa kanisa mzima, anaiogopa rangi ya jiko. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na wanawake wakanishika mabega wakidhani namlilia mume wangu.

Jumapili asubuhi aliisukuma mpaka uani kwangu, akaiegemeza kwenye mgomba. Hakutaka hata kuketi.

"Chukua kitu ya mume wako," alisema. "Na umwambie mimi sina maneno na yeye."

"Nitamwambia," nikajibu.

Nilikwangua rangi ile kwa msasa, nikaosha vyuma kwa petroli, nikapaka upya, nyembamba nyembamba, nikavipika kama alivyovipika marehemu. Fundi akavifunga. Nilijifunza kuendesha kwenye kiwanja cha shule huku watu wakinicheka, na miaka iliyofuata nilipeleka mikate yangu nikipita mbele ya boma la shemeji. Hapo ndipo nilipopenda kuiongezea moto. Aliposikia mlio aliingia ndani na kufunga mlango.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alituma watu waniite. Alikuwa amekonda sana, mkono wake ukitafuta wangu juu ya blanketi.

"Muulize ndugu yangu," alisema, "kama amenisamehe."

Ningeweza kumwambia kwamba ilikuwa rangi mbichi tu, akalala usingizi. Niliinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza. Kisha nikamwambia, "Amekataa."