Mji Wenye Mlango

Juzi, kwenye mkahawa wa Edgware Road, London, televisheni ilionyesha mji mkongwe wa Ufaransa ambako Bibi alinipeleka nilipokuwa mdogo. Nyumba mpya zimetapakaa nje ya kuta, lakini lango la mawe lipo vile vile. Nikacheka peke yangu mpaka chai ikapoa.

Siku ile tulishuka kwenye basi lililotutoa London, tukapokewa na harufu ya siagi na mkate wa moto. Nilipoliona lango nikasita. Kwa akili yangu, chenye mlango ni nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Nikapiga hodi. Nikapiga tena, na ya tatu, sauti ikizunguka ndani ya mawe. Kimya. Nikageuka kurudi kwenye basi, kama Bibi alivyonifunza.

"Wenda wapi tena?" akaniuliza.

"Hawajaitika, Bibi. Tukiingia watatutoa."

Bibi hakucheka. Yeye alitolewa nyumbani kwake Unguja, na mimi, kwa kusikiliza mazungumzo ya wakubwa, nilidhani kosa lake lilikuwa kuingia bila hodi.

Akanishika mkono, tukasimama pale pale, watalii wakitupita. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa akianika mashuka dirishani, juu ya lango, akatuona. Akatupungia, akasema maneno ya Kifaransa huku akitabasamu.

"Haya, tushakaribishwa," Bibi akasema.

Nikashusha pumzi. Bibi naye akashusha yake, ndefu kuliko yangu, akatanguliza mguu wa kulia.