Wifi Aliyetaka Kununua Anga

Fundi wa meno bandia alikuwa na mikono isiyotetemeka na moyo usiopenda kugawana. Mikono yake ilijulikana na kliniki nzima. Moyo wake hakuna aliyeujua, na hata yeye mwenyewe hakuujua sawasawa mpaka mdogo wake alipooa.

Alifanya kazi kwenye chumba cha nyuma, ukishapita stoo ya glavu. Kulikuwa na meza ndefu yenye madoa ya plasta, taa ndogo ya kuyeyushia nta, mashine ya kung'arishia inayovuma kama nyuki, na rafu iliyojaa mataya ya plasta ya watu wasio na habari kwamba mataya yao yamekaa pale yanatazamana. Wenzake walimwita Bi Meno. Alikuwa hajaolewa. Aliwahi kuposwa, akakataa, na sababu aliijua mtu mmoja tu, naye ni huyo mdogo wake.

Yeye ndiye aliyemlea. Mama yao alikuwa mtu wa kazi za zamu, kwa hiyo dada ndiye aliyemfunga kamba za viatu, akamsimamia hesabu, akamtetea kwa majirani alipovunja kioo. Kijana akakua, akasomea ufundi wa lifti, akapata kazi katika mji mwingine. Tangu hapo mazungumzo yao yakawa ya simu, na simu haikuwa na kitu ndani yake. "Umekula?" "Nimekula." "Mvua huko?" "Hakuna." "Haya basi."

Kilichowaokoa ni gemu. Daktari mmoja pale kliniki alimwonyesha Bi Meno gemu la kompyuta la safari za angani, naye akalipenda kwa sababu lilitaka mkono mtulivu. Unapewa chombo, unapakia mizigo, unasafiri kutoka kituo hadi kituo kati ya nyota ambazo hakuna binadamu atakayezimaliza. Akamshawishi mdogo wake alinunue, akamfundisha. Sehemu kubwa ya safari huna la kufanya isipokuwa kutazama giza na vinukta vya mwanga, na humo, kila mmoja chumbani kwake, hedifoni masikioni, ndugu wawili wakajikuta wanaongea. Kijana alimweleza hofu inayomshika akiwa ndani ya shimo la lifti. Dada alimweleza habari za yule mchumba. Siku nyingine hawakusema neno, na ukimya wenyewe ulitosha. Kila Jumapili alasiri ilikuwa yao.

Kisha kijana akaoa.

Mke alikuwa mwalimu wa kuogelea, mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kufika ng'ambo ya pili ya bwawa. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuudhi Bi Meno. Angekuwa mchoyo, au mvivu, au mwenye dharau, kazi ingekuwa rahisi. Siku ya harusi Bi Meno alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma, watu wakasema, jamani, dada huyu anampenda wifi yake! Baada ya hapo Jumapili zikaanza kupungua. Mdogo wake aliingia akiwa amechelewa, akatoka mapema. "Dada, nakuja mara moja, naitwa." Hiyo mara moja ilimwacha dada peke yake angani, mizigo imejaa, akizunguka kituo kama mtu aliyesahauliwa stendi.

Jumamosi moja mwalimu wa kuogelea alikuja mjini kwa mafunzo ya huduma ya kwanza, akapitia kwa wifi yake kabla ya kurudi. Akavua viatu, akaketi, akanywa maji glasi nzima kwa mkupuo mmoja.

"Wifi, nimekuja na jambo, lakini usimwambie ndugu yako. Nataka nimshtukize."

"Jambo gani?"

"Lile gemu lenu. Nataka kulinunua. Sasa mimi ni mgeni kabisa, sijui hata pa kuanzia. Wewe ndiye mwalimu wake, ananiambia kila siku. Nishauri. Ninunue, nisinunue?"

Bi Meno alijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta nguo za mgeni zimetundikwa kwenye kabati lake. Akatabasamu, kwa sababu meno yalikuwa kazi yake.

"Wifi yangu, kuuliza si ujinga," akasema. "Ngoja nikueleze ukweli."

Na kweli akamweleza ukweli, hakutia chumvi hata punje. Akamwambia kwamba gemu lile halina hadithi ya kukushika mkono. Kwamba wiki za mwanzo utagonga kila kitu. Kwamba vitufe ni vingi kuliko vidole. Kwamba linataka kompyuta yenye nguvu, na kuna watu wamenunua, wamecheza mara mbili, wamelitupa. Kwamba safari ni ndefu na nje hakuna kitu. Yote hayo ni kweli, mchezaji yeyote angeapa. Ila kuna jinsi ya kumweleza mtu njia ili afike, na kuna jinsi ya kumweleza ili akate tamaa, na Bi Meno alichagua ya pili, huku sauti yake ikiwa laini kama nta ya moto.

"Lakini usiniamini mimi," akamalizia. "Kaa hapa ujaribu."

Hapo ndipo alipovuka mpaka. Katika gemu lile mgeni huanzia kwenye chombo kidogo ambacho wachezaji hukiita Shomoro, chepesi, kinachosamehe makosa. Bi Meno alikipita Shomoro, akamfungulia Kiboko, meli kubwa ya mizigo ambayo hata wazoefu huigeuza kwa dua. Tena ndani ya gemu kuna msaidizi anayekuegeshea chombo unapofika kituoni. Akanyoosha mkono kana kwamba anasogeza kikombe kilichokuwa mezani, akamzima.

Mwalimu wa kuogelea akashika usukani. Kiboko kikaenda kama kabati linaloteremshwa ngazi. Akagonga mlango wa kituo, akalipuka. Akarudia, akagonga mnara, akalipuka. Mara ya tatu alifika karibu kabisa, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, kisha meli ikageuka ubavu na kuangukia paa la kituo. Jasho likamtoka, kichwa kikamzunguka, tumbo likamchafuka.

"Duh! Na ndugu yako anaweza hivi?"

"Anaweza."

"Na wewe?"

"Mimi nimezoea. Wifi, gemu hili si la kila mtu. Wala si aibu."

Yule akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu. Akamtazama wifi yake kidogo, kisha akatazama kile kikombe. "Asante," akasema. "Umeniokoa."

Bi Meno alimsindikiza hadi barabarani, akarudi ndani akipiga mluzi. Aliosha vyombo kwa furaha. Ilimdumu mpaka kesho yake.

Jumapili alasiri mdogo wake aliingia kwa wakati, jambo ambalo lilikuwa halijatokea muda mrefu, na Bi Meno akafikiri, haya, maji yamerudi mtoni. Wakapakia mizigo, wakaondoka pamoja. Walipofika kwenye lile giza la katikati, kijana akasema:

"Dada, nadhani nitapumzika na mambo haya."

"Mambo gani?"

"Gemu. Mke wangu amejaribu kwako, si ndiyo? Nilimbana mpaka akasema. Anasema lilimtia kichefuchefu na hawezi tena. Sasa mimi nikae hapa Jumapili nzima, yeye anazunguka nyumba peke yake? Si haki. Alitaka tucheze wote. Kama haiwezekani, basi niache na mimi."

Bi Meno aliona vyombo vyao viwili vikienda sambamba kwenye kioo. Alikuwa amepiga kufuli mlango ili mwingine asiingie, kumbe aliyemtaka alikuwa bado nje.

"Ila niulize kitu," kijana akaendelea. "Anasema meli ilikuwa kubwa, nzito, inageuka kwa shida. Ulimpa chombo gani?"

Bi Meno akarekebisha hedifoni ambazo hazikuwa na kasoro.

"Dada?"

"Kiboko."

"Kiboko! Mimi mwenyewe Kiboko sikiwezi. Na msaidizi wa kuegesha?"

Angeweza kudanganya. Nani angejua? Lakini kwa mdogo wake huyu hakuwahi kuwa hodari wa uongo. "Nilimzima," akasema.

Kijana hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke. Alisema polepole, kama mtu anayesoma kitu asichokielewa vizuri: "Siku yangu ya kwanza ulinipa Shomoro. Ukanisubiri nje ya kituo alasiri nzima, kila nikigonga unasema, hakuna neno, rudi tena, niko hapa. Nilimsimulia hayo mke wangu. Ndiyo maana alikuja kwako."

Kisha akatoka, na jina lake likafifia kwenye orodha ya waliopo.

Wiki ile Bi Meno aliharibu kazi. Alimtengenezea mzee mmoja meno ya juu yaliyokaa upande, mzee akacheka mbele ya kioo akasema anafanana na shemeji yake. Bi Meno hakucheka. Kila alipokaa kwenye mashine alikuwa na ubishi kichwani. Kwani kosa lake ni nini? Huyo mwanamke ana nyumba naye, ana meza naye, ana asubuhi zake zote. Yeye ana Jumapili alasiri tu, na hiyo nayo aigawe? Akijibu hivyo anasikia ile sauti, hakuna neno, rudi tena, niko hapa, na ubishi wote unamwishia.

Jumamosi alipanda basi, akaenda. Hakuwakuta nyumbani, jirani akamwelekeza bwawani. Wifi yake alikuwa ukingoni mwa maji, filimbi shingoni, akiwaamrisha akina mama watano wazima walioshikilia ukuta kama popo. "Achia! Maji hayali mtu! Achia mkono mmoja tu!" Alipomwona wifi yake, akawaambia wapumzike.

Bi Meno alikuwa amejipangia maneno njiani, yakampotea yote. Akaanzia katikati.

"Usinunue leo. Subiri, mara mbili tatu kwa mwaka hushusha bei. Usinunue nyongeza zozote, ni mapambo matupu. Anza na chombo kidogo, kinaitwa Shomoro. Msaidizi wa kuegesha usimguse. Kama unapenda kukimbizana na kupigana risasi, usinunue kabisa, utachoka. Kama unapenda kukaa na mtu bila kulazimika kusema kitu, nunua." Akatazama maji. "Wifi, ile siku nilikufanyia…"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona ukizima kitu. Mimi kazi yangu ni kutazama mikono ya watu, wifi. Mtu anayezama haanzi kwa kupiga kelele, anaanza na mikono."

"Mbona hukusema?"

Mwalimu wa kuogelea akaizungusha filimbi kidoleni. "Nilitaka kujua nimekaa wapi kwako. Nikajua." Hakulisema kwa hasira, na kwa sababu hiyo likaingia ndani zaidi. Kisha akaongeza: "Na mimi nakuonea wivu, kama hujui. Akitoka kwenye lile gemu anakuwa mtu mwingine, ametulia, ametua mzigo. Kwangu hajawahi kutulia vile. Nilifikiri nikiingia humo nitaona unamfanyaje."

Bi Meno alibaki amesimama, viatu vikiloa. Katika mambo yote aliyoyafikiria ndani ya basi, hilo halikuwemo. Akina mama wakaita kutoka majini, mwalimu, tumeganda huku! Mwalimu akapuliza filimbi, akarudi kazini.

Alilinunua bei iliposhuka. Na kusema haki, hakuwa mchezaji mzuri, wala hakuja kuwa. Aligonga kila kilichosimama na vingine vilivyokuwa vikipita. Ila akigonga alicheka, na mumewe, aliyekaa chumba kimoja naye, alicheka pia, kicheko cha kutoka tumboni ambacho Bi Meno hakuwahi kukisikia katika miaka yao yote ya kuruka pamoja. Kicheko hicho kilimfikia kupitia hedifoni, yeye peke yake mezani kwake. Mara nyingine alizima kipaza sauti chake, akaenda dirishani, akarudi. Wivu haukuondoka. Ulibadilika tu namna ya kukaa.

Alasiri moja ya Jumapili kijana aliitwa kazini, lifti ya jengo fulani ilikuwa imekwama na watu ndani. Wifi wawili wakabaki angani peke yao kwa mara ya kwanza. Mwanzoni ilikuwa kama simu za zamani: umekula, nimekula. Kisha mwalimu wa kuogelea akaomba wasibebe mizigo. Alitaka tu kwenda kuona sayari moja yenye pete. Wakaenda. Safari ilikuwa ndefu. Wakiwa katikati ya giza akauliza, bila kutangulizwa na chochote: "Yule mchumba uliyemkataa, ulimkatalia nini? Ndugu yako hataki kusema. Anasema si yake kusema."

Bi Meno akakitazama Shomoro cha wifi yake kikiyumba mbele. Kisha akaanza kumweleza.

Alikuwa hajafika katikati ya hadithi aliposikia mlango upande wa pili, na sauti ya mdogo wake, amechoka, anauliza kama anaweza kuingia kwenye gemu.

"Subiri kidogo, mume wangu," mwalimu wa kuogelea akasema. "Naongea na wifi yangu."

Bi Meno akamsikia mdogo wake akivuta kiti, akikaa, akingoja zamu yake. Ilimpendeza kuliko ilivyostahili. Akaendelea kusimulia, wala hakuharakisha.