Sahani ya Mizani

Mume wangu alikuwa na namna yake ya kutamka neno moja, na namna hiyo sasa sina. Picha zake ninazo. Koti lake la baridi bado linaning'inia nyuma ya mlango. Sauti yake hatukuirekodi hata mara moja. Nani angewaza kurekodi sauti inayouliza kila asubuhi soksi ziko wapi?

Neno lenyewe lilitoka kwenye kitabu. Kwa asiyekijua, nieleze taratibu. Ni riwaya ya kuchekesha kuhusu kituo kilichoko angani, katikati ya sayari mbili, ambako vyombo vya anga hupanga foleni kusubiri kupimwa uzito. Mtu wa hapa Tunduma, mpakani, hahitaji kuambiwa zaidi. Foleni ya malori tunaamka nayo na kulala nayo, kwa hiyo tulikisoma kana kwamba kimeandikwa na jirani. Mizani ya kituo hicho inaongea, tena ina adabu. Inakuuliza hali ya watoto kwanza, ndipo inakuambia kwamba umezidisha mzigo. Basi wafanyakazi wa kituo wanataka kumchagua mkuu mpya, na mizani inaambiwa isijisumbue, kwa kuwa si mtu. Nayo inasema: "Nimepima kila kilichopita hapa, lakini sina haki ya kura."

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Sisi hatukuisikia hivyo.

Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, kwa hiyo mume wangu alitusomea kwa sauti, Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwetu, mtaa wa Chapwa. Wasikilizaji tulikuwa watatu: mimi, rafiki yake dereva wa lori, na rafiki yangu mwenye saluni ya mtaa wa pili. Mume wangu alizaliwa Ibaba, kule milimani Ileje, na ulimi aliokulia nao ulikuwa wa Kindali. R ilimpa shida maisha yake yote. Akasoma kwa huzuni kubwa, mkono kifuani: "Sina haki ya kula."

Dereva akaweka kikombe chini. "Yaani muda wote huo hawajampa hata kiazi?"

"Hata kiazi," akajibu mume wangu.

"Watu gani hawa!" Mwenye saluni alikuwa ameshasimama. Alichukua sahani, akaweka viazi vitamu viwili, akaitua juu ya kigoda kilichokuwa wazi. "Ya mizani hiyo. Nisione mkono wa mtu."

Tangu siku hiyo, kila tulipokutana kuzungumzia kitabu kile, sahani ya mizani ilitangulia kupakuliwa. Mwisho wa mazungumzo mume wangu aliila. Alisema anakula kwa niaba.

Mimi nafundisha Kiswahili shule ya msingi. Kazi yangu ni kuwaonyesha watoto kwamba kwenye R ulimi unatetemeka na kwenye L unatulia, na wakikosea nawaambia wajaribu tena, wako karibu kupata. Nilijua tangu Jumapili ile. Sikusema, kwa sababu niliona mizani yenye njaa ni nzuri kuliko mizani isiyopiga kura. Kupima magunia ya watu siku zote na wewe hujaonja hata punje! Nilikulia Itaka, kwenye kahawa. Najua watu waliochuma kahawa tangu utotoni na hawajawahi kuinywa.

Kisha kiharusi kikampata. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakaondoka. Alituelewa vizuri kabisa, lakini kinywani mwake kilibaki kitu kama "eh," ambacho kilikuwa ndiyo, hapana na nipe maji.

Katika miezi hiyo redio ikaanza kurusha mchezo uliotokana na kitabu chetu. Wenzetu wakaja tusikilize pamoja, yeye akiwa ameegemea mito. Tulibishana kama zamani. Dereva alisema mizani wa redioni anaongea kama mtangazaji wa vifo. Mwenye saluni alisema afadhali huyo kuliko kimya. Halafu pakafika pale pa uchaguzi. Mwigizaji akatamka, kwa R ya kutetemeka vizuri: "Sina haki ya kura."

"Wamekosea!" akasema dereva. "Wamebadilisha kitabu!"

Mwenye saluni alinitazama mimi, kisha akamgeukia mgonjwa. "Shemeji," akasema polepole, "kumbe ilikuwa kura?"

Mume wangu alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki nzima, mpaka machozi yakamtoka. Sikupata kujua kama alikuwa akijua siku zote. Alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto kuelekea kigodani. Siku hiyo tulikuwa tumesahau sahani.

"Eh," akasema. "Eh."

Nilikwenda kupakua. Nilimlisha mwenyewe vile viazi, nikivisaga kwa uma. Alikula vyote.

Tulimzika Ibaba, mvua ikinyesha, udongo ukishika kwenye viatu.

Niliporudi Chapwa sikukigusa kitabu. Mwaka huu filamu yake ikatoka, na mwenye saluni akaja nayo kwenye simu. Dereva naye alikuwa mjini, akisubiri kuvuka na mzigo. Tuliitazama vichwa vikiwa vimegusana, maana kioo kilikuwa kidogo.

"Mizani gani ana miguu?" dereva akauliza.

"Na kope, kaka. Tazama zile kope. Hizo ni za kubandika, na kazi ni mbaya. Aje saluni kwangu."

"Mizani akiwa na miguu si ataondoka? Kinachouma ni kwamba hawezi kuondoka."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka sebuleni humo tangu mazishi. Pale pa uchaguzi, filamu ilipiga muziki mkubwa na maneno yakapita bila kusikika vizuri. Dereva akazima simu.

"Shemeji," akaniambia, "tusomee wewe. Kama alivyosoma yeye."

Hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka na kukiogopa tangu tuliporudi kutoka Ibaba. Nilidhani neno lake linaningoja ndani ya kitabu, na kwamba siku nikiwa na nguvu ya kukifungua, nitalisikia. Nikaleta kitabu. Ukurasa ule ulifunguka wenyewe, una doa la kiazi. Nikaweka mkono kifuani, nikasoma: "Nimepima kila kilichopita hapa, lakini sina haki ya kula."

Ilikuwa L. L safi, ya ubaoni, ya darasa la kwanza. Yake haikuwa hivyo. Aliiendea R kwa nia njema kila mara, akakwama kidogo kabla ya kufika, na pale alipokwama ndipo palipokuwa na sauti yake. Mimi nilikuwa nimekosea makusudi, na kosa la makusudi halifanani na lake.

"Jaribu tena, dada," mwenye saluni akasema.

Nikasoma tena.

"Uko karibu kupata," akasema, maneno yangu mwenyewe ya darasani. Dereva alitazama sakafu. Sote watatu tulijua kwamba sikuwa karibu.

Nikafunga kitabu. Tulizungumza kidogo habari za foleni, za bei ya mahindi, kisha dereva akaaga kwa sababu magari yalikuwa yameanza kusogea. Mwenye saluni alinishika mabega mlangoni, naye akaenda.

Nilipogeuka nikaiona sahani juu ya kigoda. Sijui ni nani kati yao aliyeiandaa. Viazi vilikuwa viwili na vilikuwa vimeshapoa. Nikakaa, nikavila kwa niaba.