Uchovu Uliokuwa na King'ora

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli. Tangu asubuhi alisimama mbele ya mashine inayofuka mvuke, na jioni miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vinamgomea. Kwa hiyo kichwa kilipoanza kumgonga, hakushangaa. Alisema ni mwili umechoka, akameza dawa, akaendelea.

Kilichomkera ni kwamba kazini alikuwa na nafuu. Akifika nyumbani, hata mtandio hajavua, kichwa kinarudi palepale. Aliwatania wenzake kwamba nyumba yake inamchosha kuliko mashuka ya hoteli nzima.

Mumewe alikuwa dereva wa malori, mara nyingi yuko safarini, hivyo alikaa na mama mkwe. Mama huyo hakuweza baridi. Msimu ule madirisha yalifungwa kutwa, na hita ya gesi ya bafuni haikupoa, maana alitaka maji ya moto ya kukanda magoti. Siku hizo alilalamikia kichefuchefu pia. Yeye, mke wa mwanawe, alidhani mama anadeka.

Ukutani, karibu na bafu, mumewe alifunga king'ora cha gesi ya sumu. Betri ikikaribia kuisha, kilitoa mlio mmoja mfupi, kikanyamaza kitambo, kikalia tena. Walishakizoea kama kikohozi cha jirani.

Jumamosi moja mchana alirudi, akajitupa kwenye kochi. King'ora kikaanza, wala hakikunyamaza. Alijikokota, akakibandua, akakiviringisha kwenye taulo na kukisukumia kabatini. Betri atanunua akipata nguvu ya kufika dukani.

Mama mkwe alitoka chumbani, ameshika ukuta.

"Mwanangu, hicho hakilii kama siku zote. Betri hulia mara moja. Leo kinapiga nne, kinapumua, kinapiga nne tena."

"Mama, niache nipumzike kidogo tu."

"Utapumzikia nje. Nishike mkono, miguu hainibebi."

Hakuwa hata na nguvu ya kubishana, na hilo ndilo lililomwokoa. Alizima hita, akaacha mlango wazi, wakatoka wakiegemeana hadi kwenye ngazi za nje. Mama mkwe akatapika. Yeye akawapigia zimamoto.

Walipopima hewa ya ndani, zimamoto waliwapeleka wote wawili hospitali, wakawekewa oksijeni. Baadaye fundi alichomoa bomba la kutolea moshi wa hita, akakuta ndege wamelijaza nyasi. Moshi ulikuwa unarudi ndani, alisema, pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mlio mmoja mmoja ni betri, au chombo chenyewe kimezeeka. Milio minne mfululizo maana yake ni kutoka nje kwanza, maswali baadaye.

Kichwa kikaacha kumgonga. Alitegemea uchovu nao utaondoka, lakini ulipungua tu. Miguu ilivimba vilevile, na mashuka hayakupungua.

Jioni moja, akiwa amenyoosha miguu juu ya stuli, alimuuliza mama mkwe aliwezaje kutofautisha ile milio.

"Nashinda humu peke yangu kutwa," mama mkwe akajibu. "Ningesikiliza nini kingine?"

Alisogeza stuli, mama mkwe naye akapandisha miguu yake, wakakaa hivyo mpaka giza likaingia na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.