Mama Mukwe Kwenye Pedali ya Freni

Hubert Sebahire aliendesha magari ya watu miaka kumi na mmoja kabla ya kupata lake. Kamioneti yenyewe, lori dogo, ilikuwa imezeeka. Mzungu wa shamba la pareto aliyemwajiri aliiacha iote nyasi nyuma ya ghala, na alipoletewa mpya, mwaka wa 1954, akampa Hubert ile ya zamani. Injini aliifufua mwenyewe. Freni, yaani breki, ndizo zilizomshinda, na kwa miezi mitano alishuka milima ya Nyamitaba kwa gia ya kwanza na rozari.

Sasa mke wake, Annonciata, alikuwa na mimba ya miezi minane, na materniti ya kujifungulia ilikuwa bondeni, mwisho wa mteremko. Hubert akasema hatamshusha kwa maombi peke yake. Rafiki yake Michel, dereva wa lori, akamletea kutoka Goma mipira midogo ya freni na kopo moja la mafuta yake. Jumatano asubuhi Hubert aliinua gari uani juu ya magogo, akatoa magurudumu, akabadilisha mipira iliyokuwa ikivuja, akasugua kutu mpaka chuma kikang'aa, akafunga kila kitu mahali pake.

Ikabaki kutoa hewa kwenye mabomba ya freni. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja akanyage pedali na kuishikilia, mwingine alale chini, afungue skrubu ndogo hewa itoke, aifunge kabla mguu haujaachia. Majirani wote walikuwa shambani wakichimba viazi. Annonciata alijaribu kuketi kwenye usukani, tumbo likakataa.

Akabaki mtu mmoja: Mukankusi, mama yake Annonciata, aliyekuja kumngojea mjukuu. Hapo ndipo penye shida, maana katika familia yao mukwe na mama mukwe waliheshimiana kwa kuepukana. Wiki mbili tangu afike, hawakuwa wamesemezana neno. Akiingia huyu, yule hutokea mlango wa nyuma.

"Mimi nitapeleka maneno," Annonciata akasema.

Mukankusi akapanda, akatengeneza kikwembe alichojifunga kiunoni, akashika usukani kwa mikono miwili kama anayemshika fahali pembe.

"Ambia Mama akanyage," sauti ya Hubert ikatoka chini ya gari.

"Mama, Hubert anasema ukanyage."

"Nimekanyaga."

"Hubert, amekanyaga."

"Ambia ye ashikilie."

Neno lilipofika, mguu ulikuwa umeshaachia na hewa imerudi ndani. Mara ya pili mafuta yalimrukia Hubert hadi kwenye masharubu. Mara ya tatu Annonciata alishikwa na kicheko, akashindwa kupeleka chochote, akaketi kwenye kigoda akijishika tumbo. Kopo lilikuwa limebaki nusu.

Kisha Mukankusi akasema kutoka juu:

"Mukwe wangu, tukimungojea huyu, mafuta itaisha. Mimi niko juu, weye uko chini ya gari. Hatuonane. Sema."

Hubert alilala pale akitazama chuma.

"Ndiyo, Mama," akajibu polepole. "Kanyaga mara tatu, kisha ushikilie."

"Nimeshikilia."

Akafungua. Mapovu yakatoka yakinong'ona. "Nimefunga, Mama. Achia."

Wakaenda hivyo gurudumu kwa gurudumu, na walipofika la nne Mukankusi ndiye aliyekuwa akiamuru.

"Sasa iko ngumu," akasema.

"Ngumu namna gani, Mama?"

"Kama bugali ya jana."

"Njo vile inatakiwa," Hubert akakubali.

Magurudumu yaliporudishwa, Hubert alingoja mama mukwe ashuke. Hakushuka. Alisogea upande wa pili na kugeuza uso dirishani.

"Nimeikanyaga asubuhi yote," akasema. "Nataka kuona kama inasimamisha gari."

Hubert akapanda, macho barabarani, mahali ambapo dereva yeyote hutakiwa kutazama. Kwenye mteremko wa kanisa akakanyaga, na kamioneti ikasimama papo hapo, hatua chache mbele ya ng'ombe wawili walioshangaa. Mukankusi alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamwanguka mapajani.

"Rudia," akasema.

Hubert alirudia mara sita. Kutoka kigodani kwake Annonciata alisikia gari likishuka, likinyamaza, likishuka tena, na sauti mbili zikibishana kuhusu kona. Alikuwa amewapikia viazi na maharagwe. Vilipoa kabisa kabla hawajarudi.