Radhi ya Shangazi

Nilipopata nafasi ya kusoma chuoni Tunguu, baba alikuwa keshakufa. Dada yake akasema nikakae kwake Jang'ombe. Shangazi alikuwa na sifa ya kulea. Watu walimpelekea mabinti zao kabla ya kuolewa, naye akawafunza kukaa, kusalimia, kuitika "naam" bila kuburura sauti. Mimi alinifunza zaidi kusahau. Nikitamka neno la kwetu Uroa wakati wa kula, aliniondolea sahani kimya kimya, akaendelea kuzungumza na wengine.

Alasiri moja mama alikuja kunitazama bila kutoa habari. Alitoka moja kwa moja kwenye mwani wake baharini, vidole vimepasuka kwa maji ya chumvi. Mkononi ana kikapu cha pweza mkavu. Ukumbini shangazi alikuwa na wageni, wake wa wakubwa, waliokuja kumwombea binti wa mmoja wao nafasi ya kufunzwa.

"Shikamoo, wifi," mama alisema mlangoni.

"Marahaba. Pitia uani." Kisha akawageukia wageni. "Bibi wa shamba huyo, hutuletea pweza."

Nikasema, "Ni mama yangu mzazi."

Wageni wakainamia vikombe vyao. Shangazi akatabasamu, akasema kwa upole uleule wa kufunzia, "Mnaona? Chuo kinafundisha kila kitu ila kungoja mkubwa amalize kusema."

Nilidhani mama atanishika mkono tuondoke. Aliweka kikapu chini.

"Mtake radhi shangazi yako."

"Mama, lakini..."

"Mtake radhi. Hapa hapa, mbele za watu, kama ulivyomjibu."

Nikapiga magoti, nikaomba radhi kwa kumwita mama yangu mama. Shangazi aliniacha pale chini mpaka alipomaliza chai yake. Wageni wakasifu malezi, na wiki ile ile binti huyo akaletwa.

Uani mama alikunywa maji ya mfereji kwa kiganja, maana hakuna aliyempa kikombe. Nikamwambia nnarudi naye Uroa.

"Ukafanye nini? Ukafunge mwani kambani?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Mwanangu, asiye na nyumba hachagui adabu ya mwenye nyumba. Soma kwanza."

Hakuja tena. Nilipomaliza masomo, shangazi alimpigia simu kumwambia kadi za mahafali ni chache. Akakaa yeye mbele, na buibui jipya, akipokea hongera.

Kesho yake nilikwenda Uroa, joho langu nimelikunja ndani ya mkoba. Nikamuuliza mama alimjibu nini wifi yake kwenye simu.

"Nilimwambia ahsante kwa kunilelea mwanangu."

Nilitafuta kejeli katika sauti yake. Haikuwemo. Alilipapasa joho kwa nyuma ya mkono, asije akalikwaruza kwa vidole vyake, akaniuliza kama nshakula.