Mfaransa wa Hockley Aliyegoma Akidai Matusi Yake

Wakuu, migomo nimeiona mingi.

Nimeona ya makuli Dar, ya wachimbaji Kitwe, nimeona na ya mabaharia waliokataa kufungua kamba mpaka walishwe nyama. Lakini mtu kugoma kazi kwa sababu hajatukanwa, hilo nimekuja kuliona uzeeni, hapa Birmingham.

Na mtukanaji aliyekuwa anatakiwa ni mimi.

Tulieni niwape mkasa.

Nafanya kazi Hockley, kwenye karakana ya pete za ndoa. Sizitengenezi, nazing'arisha tu. Unakaa mbele ya kimashine kinachozungusha brashi, unasugua pete mpaka ujione meno. Mwenye karakana anaitwa Sanjay. Mtu mpole, ila siku ya kukabidhi mzigo ikikaribia hata chai hanywi, anaizungukia tu.

Jirani yangu wa mashine ni Dayib.

Dayib ni Msomali aliyelelewa Garissa, Kenya. Akaenda Ufaransa angali kijana, akakaa Lyon, akapata uraia, akaoa, akazaa. Baadaye akahamishia familia huku.

Sababu? Mkewe, Fosia, alijitolea kusindikiza darasa la mtoto wao kwenda makumbusho. Mwalimu akamwambia avue hijabu kwanza, maana shule ni ya serikali na serikali haina dini. Fosia hakuvua. Darasa likaondoka, yeye akabaki getini na vitafunio vya watoto mkononi.

Ungedhani mume wa mwanamke huyo ataichukia Ufaransa.

Thubutu!

Anaitukana yeye, asubuhi mpaka jioni. Ukiitukana wewe, mnakosana.

Na Ufaransa yenyewe haijamtoka. Kila asubuhi anazunguka karakana nzima kumpa kila mtu mkono. Aliye chooni anamsubiri mlangoni. Saa ya chakula sisi tunatafuna tumesimama, yeye anatandika kitambaa mezani kama anamngoja balozi. Mkate wa Kiingereza anauita sponji.

Siku yake ya kwanza nilimtazama, nikashindwa kujizuia.

"Wewe Mfaransa, sisi hapa tumekuja kazini, hatujaja harusini. Rudi kwenu Ufaransa ukasalimiane!"

Mtu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na wewe Mtanzania," akanijibu, "nyinyi hata mwizi akivunja mlango mnamwambia karibu chai."

Utani ukaanzia hapo.

Sasa nielewane na vijana. Mimi ni Mnyamwezi, na kwetu mtani si mtu wa mchezo. Mzaramo ni mtani wangu. Nikifa atakuja msibani, aseme mbele ya mjane wangu kwamba nilikuwa mroho, kisha abebe na kuku wa watu. Lakini huyohuyo ndiye atakayeshika jembe la kaburi langu. Ruhusa ya kunisema ameilipia.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Namwita mla konokono, na konokono hajawahi kumgusa. Ananiita mla nguruwe, hapo hajakosea. Dini tunagusa, nchi tunagusa, michoro ya magazeti yao inayodhihaki mitume tunaigombania mpaka mate yanaruka. Kengele ya chakula ikilia, sambusa za Fosia tunakula sahani moja.

Kimbembe kikaja na Fiona.

Sanjay alipata mteja mkubwa, mteja akamtaka aajiri mtu wa kushughulikia mambo ya wafanyakazi. Akaletwa Fiona, binti wa nesi Mkenya, kazaliwa hapahapa, kakulia Kings Heath. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Mtoto ana adabu, ananiita Uncle.

Asubuhi moja anapita na chai yake, akanikuta nimepamba moto kumtania Dayib.

"Wewe kafiri wa Kifaransa, rudi kwenu! Wanawake mmewakataza vitambaa, sasa unataka kutukataza na mkate?"

Chai ikamwagika.

"Uncle," akasema, "I understood every word."

Nikacheka, nikidhani ananisifia.

Alasiri nikaitwa ofisini. Sanjay yupo, Fiona yupo, na Dayib kaketishwa pembeni kama majeruhi. Nikasomewa shitaka: nimembagua mwenzangu kwa taifa lake na dini yake. Ikithibitika, kazi sina.

Nisiwadanganye, niliogopa. Nchi nyingi nimeziacha mwenyewe, kwa miguu yangu, bila kuaga. Hii ndiyo ya kwanza niliyotaka kuzeekea. Na kwa mgongo huu, nani mwingine atanipa kiti na mashine?

Nikawaeleza utani. Nikaeleza habari ya Mzaramo, nikaeleza ya kuku, nikaeleza ya kaburi. Sanjay alikuwa anatikisa kichwa kama anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

Fiona alisikiliza kweli. Halafu akasema kwa Kiingereza chake, polepole:

"Uncle, shuleni hapa waliniambia rudi kwenu tangu niko mdogo. Na wao walisema wanatania."

Neno hilo likaniingia. Mpaka leo ninalo.

Sanjay akamgeukia Dayib. "Wewe sema. Uliumia?"

Nilitegemea aseme hapana, ni utani, tufunge kikao. Jamaa akasimama. Akakunja mikono ya shati. Nikajua tumekwisha: Mfaransa kaulizwa swali la uhuru wa kusema.

"Nchi yangu," akaanza, "inaniambia sema unachotaka, lakini bibi yako asivae anachotaka. Hapa mnaniambia bibi yako avae anachotaka, lakini wewe usiseme unachotaka. Nikipata nchi yenye vyote viwili, nahama Jumatatu."

"Swali ni kama uliumia," Fiona akamkumbusha.

"Nakuja, mama. Kule Lyon watu waliniambia rudi kwenu. Walimaanisha Somalia. Somalia mimi naijua kwa ramani! Huyu mzee ndiye mtu wa kwanza duniani kuniambia rudi kwenu akimaanisha Ufaransa. Sasa niumie kwa nini?"

Sanjay akaficha tabasamu. Mimi nikaanza kupumua.

"Lakini ameniumiza," akasema Dayib. "Mara moja."

Nikamkodolea macho: lini tena?

"Ile siku ya Lennox."

Lennox ni dereva, Mkenya, anakuja kuchukua vifurushi. Siku hiyo alikuwa ameona kwenye simu habari za hijabu Ufaransa, akaingia amechemka.

"Akaniuliza mbele ya watu, nyinyi Wafaransa mna roho gani? Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Huyu mzee akaniwahi. Akasema, 'Muache bwana, huyu si Mfaransa. Ni pasipoti tu. Huyu ni Msomali wetu.' Wote mkaitikia. Mkanipigapiga bega."

Nilikumbuka. Siku ile nilijiona nimetetea mtu. Nililala usingizi wa haki.

"Hayo ndiyo niliyoambiwa Lyon," Dayib akamalizia. "Na kwa upole hivyohivyo."



Sanjay alibaki ameduwaa. Mtu ametukanwa, hakuumia. Akatetewa, ndipo akaumia. Akaamua kama wanavyoamua wakubwa mambo yakiwazidi: akapiga marufuku vyote. Kuanzia kesho, hakuna neno la nchi wala la dini. Nikirudia, nafungasha.

Mlangoni nikamshika Dayib mkono. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeniomba radhi," akasema. "Ukishaniomba radhi, tunakuwa watu wa heshima. Watu wa heshima ninao wengi, wallahi."

Nilikuwa na tusi tamu la kumjibu, liko hapa kwenye ulimi. Fiona alikuwa amesimama nyuma yetu. Nikalimeza.

Ikaingia wiki ya "good morning". Good morning, Dayib. Good morning, Cleopas. Karakana ikawa kama chumba cha kungojea daktari. Siku ya tatu nikamwona Dayib anakula amesimama. Sambusa zikaanza kuja kwenye mifuko miwili, wangu na wake.

Kisha ukafika mzigo wa maharusi wa Jumamosi.

Asubuhi hiyo Dayib aliingia, akatupa sote mkono kama kawaida, akaketi mbele ya mashine yake. Akakunja mikono. Mashine hakuiwasha.

"Unaumwa?" Sanjay akamuuliza.

"Hapana. Niko kwenye mgomo."

"Mgomo wa nani?"

"Wangu."

"Unadai nini?"

"Haki yangu ya kutukanwa na huyu mzee."

Sanjay akazitazama pete kwenye trei, zimefifia kama vijiko vya mgahawa. Akanijia.

"Cleopas, nakuomba. Mwambie kitu."

"Bosi, ulisema nikifungua mdomo nafungasha."

Akamgeukia Fiona. Fiona alikuwa mlangoni, kalamu mkononi. "Sheria uliipitisha wewe. Akisema, naandika."

Maskini Sanjay, akaamua kujaribu mwenyewe. Akajikohoza.

"Dayib, wewe ni... ni Mfaransa mbaya."

Dayib akamtazama kwa huruma. "Asante, bosi. Lakini wewe hutanizika."

Karakana nzima ikanigeukia mimi.

Nikaitazama mashine yangu. Nikalitazama koti langu msumarini. Miguu yangu naijua, ingeweza kuondoka siku ileile, imezoea. Lakini mtu alikuwa ameketi pale amekunja mikono, na duniani kote alichokuwa anakingoja kinywani kwangu ni nchi yake.

Liwalo na liwe.

"Wewe Mfaransa!" nikapaza sauti. "Mvivu wa kurithi! Babu zako walimkata kichwa mfalme wao ili wapate muda wa kutosha wa kula, na wewe unafuata nyayo zao hapa? Washa mashine, kafiri wa jibini wewe!"

Dayib akasimama taratibu.

"Babu zangu," akarudia, kama anaonja chumvi ya mchuzi. Kisha akalipuka: "Afadhali wangu walikata vichwa! Wako walibeba mizigo ya kila mfanyabiashara aliyepita Tabora, mpaka leo unatembea umeinama!"

Brashi ikaanza kuzunguka.

Nikamgeukia Fiona nipokee changu. Kalamu ilikuwa hewani. Hajaandika kitu.

"'Rudi kwenu' na 'huyu si Mfaransa kweli'," akasema taratibu kwa Kiingereza. "Ni kitu kimoja, siyo?"

"Sentensi moja, mama," Dayib akajibu bila kuinua macho kwenye pete. "Moja inakuja na ngumi, nyingine inakuja na kumbatio. Zote zinakutoa mlangoni."

Palepale wakajadiliana sheria mpya, yeye na Fiona, kelele za mashine katikati yao. Ikatoka hivi: hapa mtu anaweza kusemwa kwa ajili ya kwao, lakini marufuku kumwambia kwao si kwao. Sanjay akakubali kabla hajasikia mwisho, alikuwa ameshabeba trei.

Dayib je, alifurahi? Wapi! Alinuna mpaka mchana. Eti mgomo umeisha kabla hata ya chai, hajapata nafasi ya kuandika bango. Eti Waingereza hawajui kugomewa.

Saa ya chakula tumeketi mezani, kwenye kitambaa chake, tunasemana kufidia wiki nzima, nikamwona Fiona amesimama mlangoni na kikopo chake cha chakula. Haingii, haondoki.

"Vipi, binti?"

"Nothing." Akasita. "Ni kwamba... nyinyi wote hapa mnaniita Mkenya. Nimekwenda Kenya mara mbili, kule waliniita mzungu. Na hapa karakanani hakuna aliyewahi kunitukana."

Mimi na Dayib tukatazamana. Dayib akamvutia kiti.

"Keti, Mwingereza," nikamwambia. "Nyinyi jua likichungulia kidogo tu mnavua mashati, mnajilaza kwenye nyasi kama mbuzi waliopigwa shoti. Mnadhani ni ufufuo?"

Alicheka huyo! Halafu akawa anajifuta macho. Akasema ni pilipili ya Fosia.

Fosia hatii pilipili kwenye sambusa.

Wakuu, funzo langu ni fupi, maana mashine inaningoja. Mtu akikutania, muulize kama atakuja kukuzika. Akisita, huyo hana utani, ana matusi tu. Na wewe mwenye moyo mwema unayependa kumtetea mgeni, tazama sana mikono yako: usije ukamvua kwao ili umvike kwako, halafu ukaenda nyumbani ukalala usingizi wa haki.